Vititia vya embe na asali kwa sikukuu: havifutuki, vinavuja, vinalegea

Unga wa matabaka, ambao waokaji wanauita pafu pestri, kwa kawaida hubeba siagi yenye uzito sawa na wa unga wenyewe, au robo tatu yake. Kwa sikukuu ambayo pilau, nyama na soda vimekuwa mezani tangu saa sita mchana, hiyo ni siagi nyingi mno. Hapa tunashuka hadi nusu: gramu 150 za siagi kwa gramu 300 za unga. Chini ya hapo hatushauri. Ukifika theluthi, utando wa siagi unakuwa mwembamba kiasi kwamba karatasi za unga zinagusana na kushikana, na kinachotoka ovenini ni chapati nene yenye jamu.

Nusu inatosha kwa sharti moja: siagi ibaki baridi, na ibaki bamba lisilokatika, mpaka inapokutana na moto. Unga wenye siagi tele husamehe uzembe kidogo. Huu mwepesi hausamehi. Ndiyo maana matatizo mengi yaliyo hapa chini, hata yale yanayofanana na kosa la oveni, ukiyafuatilia yanarudi kwenye joto la meza. Hapa kwetu Tabora, mji ulio mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, tunajua hilo : alfajiri yake ni ya nafuu, lakini mchana wa Oktoba na Novemba joto huvuka nyuzi 30. Siagi inafaa kusukumwa ikiwa kati ya nyuzi 13 na 18, na ikifika kati ya 32 na 35 imeshakuwa mafuta. Nafasi ya kufanyia kazi ni ndogo.

Umbo tunalolizungumzia ni kititia, kile kichezeo cha watoto kinachozungushwa na upepo. Ufini huoka vitafunwa vya umbo hilihili kila Krismasi, wakiweka rojo la plamu kavu katikati. Desemba ya Tabora ina embe kila kona, na asali haijawahi kuwa mbali, kwa hiyo ndani tunaweka hivyo. Kwa Idi inayoangukia nje ya msimu wa embe, tende zilizopondwa na tangawizi hukaa vizuri zaidi kuliko nanasi, kwa sababu hazina maji.

Kipimo tunachokipimia makosa

Kwa vititia 24: unga mweupe wa ngano gramu 300, siagi isiyo na chumvi gramu 150, mtindi mzito usio na sukari gramu 50, maji ya barafu mililita 100, maji ya ndimu kijiko 1 cha chai, chumvi kijiko 1 cha chai kisichojaa. Siagi ikiwa ya chumvi, chumvi ipunguze nusu. Mtindi na ndimu vinaulainisha unga ili usirudi nyuma unaposukumwa, na pia vinafidia ule ulaini uliopotea ulipopunguza siagi.

Chukua gramu 20 za siagi uzifikiche kwenye unga na chumvi. Mimina mtindi, maji na ndimu, kusanya donge, likande dakika 1 tu, lifunike, liweke kwenye friji dakika 30. Halitakuwa nyororo, acha hivyo. Siagi 130 iliyobaki iweke kati ya karatasi mbili za kuokea na uipondeponde kwa mti wa kusukumia chapati mpaka iwe bamba la sentimita 14 kwa 14, unene kama milimita 7. Sukuma donge liwe mraba wa sentimita 20, laza bamba la siagi kimshazari, rudisha pembe nne katikati kama bahasha na ubane maungio.

Sasa sukuma bahasha iwe sentimita 15 kwa 45, ikunje mara tatu kama barua, igeuze robo mzunguko, usukume tena na kukunja tena. Friji dakika 40. Rudia mikunjo miwili mingine, kisha friji saa 1. Jumla ni mikunjo 4, nayo inatoa tabaka 81 za siagi: 3, 9, 27, 81. Waokaji wa siagi nyingi hufika mikunjo 6, yaani tabaka 729. Kwa siagi ya nusu usiwaige. Utando unachanika na kazi yote inarudi sifuri.

Gawa donge mara mbili. Kila nusu isukume iwe sentimita 26 kwa 34, unene milimita 3, punguza kingo sentimita 1 kila upande, kisha kata miraba 12 ya sentimita 8. Kila kititia kinabaki na siagi gramu 5 hadi 6 hivi.

Rojo: nyama ya embe gramu 400, asali vijiko 2 vya chakula, maji ya nusu ndimu, tangawizi mbichi iliyokunwa kijiko 1 cha chai. Chemsha bila mfuniko, ukikoroga, mpaka libaki kama gramu 200. Embe dodo ni rahisi. Zile ndogo zenye nyuzi zichuje kwanza, la sivyo nyuzi zitachomoza kwenye kila tonge. Lipoe kabisa kabla ya kulitumia.

Siagi inatokeza mezani unaposukuma

Kuna matatizo mawili tofauti hapa, na watu huyachanganya kwa sababu yote yanaacha siagi kwenye mti wa kusukumia.

La kwanza: unga unang'aa, unanata, siagi inapenya kama mafuta kwenye karatasi ya maandazi. Hilo ni joto. Acha kusukuma papo hapo. Usinyunyize unga mwingi ukidhani utaukausha. Unga huo unaingia kati ya tabaka na kuzikausha zisishikane sawasawa. Weka donge kwenye sinia, lifunike, lirudishe kwenye friji dakika 20, kisha endelea ulipoishia. Likiwa limeshalainika mpaka huoni tena mpaka kati ya unga na siagi, tabaka hazipo, na friji haitazirudisha. Donge hilo lisukume jembamba, linyunyizie bizari nzima na chumvi, likate vijiti, uoke. Watoto hawatauliza lilikusudiwa kuwa nini.

La pili: ukisukuma, unaona mabaka ya manjano yaliyokatikakatika kama gamba la kobe. Hiyo ni siagi baridi mno kuliko unga. Imepasuka vipande badala ya kutandazika, na kila ufa ni mahali ambapo unga umegusana na unga. Hutokea zaidi bamba likitoka friza badala ya friji. Kipimo ni kulipinda: bamba zuri hupinda ukingoni mwa meza bila kukatika na bila kuacha mafuta vidoleni. Likikatika, ligongegonge kwa mti wa chapati mpaka likubali. Donge na siagi viwe na ulaini unaolingana. Bonyeza kila kimoja kwa kidole na ulinganishe. Hilo ni muhimu kuliko kujua nyuzi kamili.

Jinsi ya kuiweka meza baridi bila kiyoyozi: fanya mikunjo kuanzia saa 11 alfajiri na umalize kabla ya saa 3 asubuhi. Meza ya sementi au vigae ni bora kuliko ya mbao. Sinia pana la alumini likilazwa juu ya vipande vya barafu dakika 10, likapanguswa likauke kabisa, ni ubao mzuri wa kusukumia kwa muda wa mkunjo mmoja. Maji ya mtungi ni baridi ya kunywa. Kwa unga huu hayatoshi, weka barafu ndani yake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, weka donge kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, chombo hicho ndani ya ndoo yenye barafu na konzi ya chumvi, funika ndoo kwa blanketi. Itakaa saa 2 bila shida, ila ligeuze baada ya muda lisigande upande mmoja.

Na aina ya mafuta je? Majarini ya kupaka mkate ni laini hata ikitoka kwenye friji, kwa kuwa imetengenezwa ili ipakike. Kwenye tabaka inakimbia mapema. Kama siagi ni adimu, changanya siagi gramu 100 na mafuta ya mgando gramu 30 kwa bamba la gramu 130. Mafuta ya mgando yanavumilia joto la meza, lakini yakizidi hapo yanaacha utando mdomoni baada ya kumeza. Samli tuiache kwa pilau: haina maji, na sehemu ya mvuke unaoinua tabaka hutoka kwenye maji yaliyomo ndani ya siagi, ambayo ni kama asilimia 16. Siagi ya kienyeji inayotoka kwenye kibuyu ina shida iliyo kinyume, ina maji mengi. Iminye kwenye maji ya barafu mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, uikaushe kwa kitambaa, ndipo uipime. Mawese ya jirani zetu wa Kigoma hayafai kabisa kwa tabaka, hata yakiganda.

Unga unarudi nyuma kama mpira

Umekanda mno, au umepumzisha kidogo. Nguvu ya unga wa ngano hujengwa na kukanda na kila msukumo, na hulegea kwa kupumzika tu, si kwa kuvutwa kwa ubishi. Ukiona unarudi, ufunike dakika 15, mahali pa baridi. Ukitumia unga ulioandikwa kuwa ni wa mikate, badilisha gramu 60 kati ya 300 kwa unga wa kawaida wa nyumbani, na uongeze mtindi kijiko 1.

Tatizo hilihili likijificha mezani hujitokeza ovenini: miraba iliyoingia na pembe nne inatoka kama kiazi, imefupika upande uliosukumwa mwisho. Dawa ni kuinua karatasi nzima ya unga kutoka mezani kabla ya kukata, iachwe ijikunje yenyewe, ndipo ukate. Kisha vititia vilivyokwisha kuundwa vikae kwenye friji dakika 20 kabla ya moto.

Vimetoka bapa

Hili ndilo lalamiko kubwa, na lina visababishi vingi kuliko mengine yote. Anza kwa kukivunja kimoja katikati na kuangalia ndani, kwa sababu ndani ndiko kunakojibu.

Ukikuta ndani kumeshikana, kijivu, chenye mafuta: siagi iliyeyuka kabla tabaka hazijafutuka. Ama iliyeyuka mezani, ama oveni ilikuwa ya vuguvugu. Kinachoinua unga huu ni maji yanayogeuka mvuke. Maji yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600, lakini mvuke huo unahitaji siagi iwe bado imezitenga karatasi za unga ili upate pa kusukumia. Joto likipanda polepole, siagi inakimbia kwanza na mvuke unakuta mlango uko wazi. Trei iingie kwenye oveni iliyokwisha kufika nyuzi 210, na vititia vitoke kwenye friji moja kwa moja, visisubiri mezani kwa sababu oveni haijawa tayari. Oveni nyingi za gesi za nyumbani hazisemi kweli kuhusu joto. Zipe dakika 20 kamili za kuwaka tupu.

Ukikuta ndani kuna tabaka nzuri lakini kingo zimebanwa kama zimepigwa pasi: kisu. Kisu butu, au kisu kinachoburutwa, kinashona tabaka pamoja. Tumia kisu kirefu chenye makali, kisukume chini wima, kiinue, usogeze. Kisha geuza kila mraba chini juu kabla ya kuukunja, kwa kuwa kingo zilizokandamizwa na kisu zitakuwa zimeangalia chini na hazitazuia kuinuka.

Ukikuta upande mmoja umefutuka na mwingine umelala, angalia yai. Yai likitiririka ukingoni linafanya kazi ya gundi: linaganda kabla unga haujainuka na kuufunga hapo. Paka juu tu, kwa brashi iliyokamuliwa, uache milimita 2 za ukingo bila kuguswa. Yai 1 na maziwa kijiko 1 vinatosha vititia vyote 24, na linabaki. Sababu nyingine ya kuinuka upande ni karatasi ya unga yenye unene usio sawa; wengi wetu tunakandamiza zaidi mwisho wa msukumo. Simamisha mti sentimita 1 kabla ya kufika ukingoni.

Na ukikuta ndani ni laini, kuna vitundu kama mkate: mtu ametia hamira au beking poda ili kusaidia. Havisaidii. Povu lake linapasua utando wa siagi kabla ya wakati.

Kuna wanaolaumu mwinuko wa mji. Kwa mita 1,200 maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Tofauti hiyo unaweza kuiona kwenye maharage, ambayo yanachelewa kuiva. Kwenye vititia si sababu ya kulala.

Mafuta yanavuja kwenye trei

Madimbwi madogo ya siagi yakionekana dakika 5 za kwanza, oveni ni baridi au donge liliingia lina joto. Yakionekana mwishoni, na vititia vimesimama vizuri, ni kidogo na si kasoro. Kwa kipimo hiki cha nusu hakutakiwi kuwa na dimbwi zaidi ya hapo. Likiwepo, ni siagi ambayo ilipaswa kubaki ndani, kwa hiyo utapata vitu viwili vibaya kwa pamoja, kitako kilichokaangwa na tabaka kavu.

Kitako kibichi, kinanata

Rojo lina maji. Embe iliyoiva ina maji mengi, na ukiipika hadi "imekuwa nzito" kwa macho tu unadanganyika kwa kuwa ikiwa ya moto huonekana nyepesi na ikipoa nzito, au kinyume chake kama kuna nyuzi. Tumia mwiko: uburute katikati ya sufuria; njia ikibaki wazi ukihesabu hadi 3, limeiva. Au pima kwa mizani, gramu 400 zishuke hadi 200. Wanaoongeza unga wa mahindi ili liwe zito wanapata uji mtamu. Asali nayo ina tabia ya kuvuta unyevu, kwa hiyo vijiko 2 visizidi hata kama embe ni chachu. Embe chachu ni nzuri zaidi kuliko tamu, inakata mafuta.

Weka rojo kijiko 1 cha chai, kisichojaa kilima. Chini yake nyunyiza makombo ya mkate mkavu, au nusu kijiko cha chai cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Karanga zina ladha nzuri zaidi, zinanyonya maji, lakini zinarudisha mafuta uliyoyapunguza. Sisi tunatumia makombo kwa trei ya wageni wengi na karanga kwa trei ndogo.

Trei mbili zilizopandana nazo huleta kitako kibichi. Oka moja moja, kwenye ngazi ya chini kidogo ya katikati, isipokuwa kwenye oveni yenye moto wa chini peke yake, ambako unapanda ngazi moja.

Vinafunguka, umbo linapotea

Mchanjo ni mrefu mno au mfupi mno. Kutoka kila pembe chanja kuelekea katikati sentimita 3.5, ukiacha kama sentimita 4 katikati ambazo hazijaguswa. Weka rojo hapo. Sasa una ncha nane. Leta moja ukiruka moja, ncha nne tu, katikati. Chini ya kila ncha weka tone la maji, si yai, na ukandamize kwa kidole kilichopakwa unga mpaka uhisi trei. Ncha ya mwisho ifunike zote tatu. Watu huogopa kukandamiza wakidhani wanaua tabaka. Hapo katikati hazihitajiki, zinahitajika kwenye mabawa. Vikiendelea kufunguka, choma kijiti cha meno wima katikati na ukitoe vikiwa bado vya moto. Vihesabu vijiti hivyo kabla ya kupeleka sahani kwa watoto.

Vimekauka, vigumu kama biskuti

Unga wa nusu siagi ukikosea, hukosea hivi. Chunguza vitu vitatu: unga wa kunyunyiza mezani umezidi (kabla ya kila mkunjo, pangusa kwa brashi kavu), maji yalikuwa kidogo kwa kuwa unga wako ni mkavu (donge liwe laini kama la chapati, si kama la maandazi magumu), au umeoka kwa moto mdogo kwa muda mrefu ili visiungue. Dakika 10 kwa nyuzi 210, kisha dakika 8 hadi 10 kwa nyuzi 180, na usifungue mlango katika zile 10 za kwanza.

Mabaki ya kingo yasifinyangwe kuwa donge. Yapange yakiwa yamelala, moja juu ya jingine, kunja mara 1, pumzisha, kisha tengeneza misokoto ya mdalasini.

Nje kahawia, ndani bichi

Asali. Sukari za asali hubadilika rangi kwa joto la chini kuliko sukari ya kawaida, kwa hiyo asali iliyopakwa juu kabla ya kuoka itakuwa nyeusi wakati tabaka za kati bado ni mbichi. Kabla ya moto paka yai au maziwa. Asali ipake vikitoka, vikiwa vya moto: kijiko 1 cha asali kilicholegezwa na kijiko 1 cha maji ya moto kinatosha trei nzima. Asali nyeusi ya misitu ya miombo ina ladha nzito. Nusu ya ulichozoea inatosha. Rojo likimwagika juu ya mabawa nalo litaungua, lifute.

Kuiva hakupimwi kwa rangi ya juu. Inua kimoja: kitako kiwe kahawia na kikavu, na kititia kiwe chepesi mkononi kuliko kilivyoingia.

Unaoka kwa mkaa na sufuria

Inawezekana kabisa, na matokeo yanaweza kulingana na ya oveni. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu uliochekechwa kina cha sentimita 3, kigae au kibao cha chuma cha kuinua trei, na mfuniko bapa wa kubeba makaa. Theluthi moja ya makaa chini, theluthi mbili juu. Washa dakika 25 kabla. Weka kipande cha karatasi nyeupe ndani kwa dakika 5: kikiwa rangi ya chai ya maziwa, ongeza makaa juu, kikiwa kahawia ya kukolea, ingiza trei, kikiwa cheusi, ondoa makaa ya chini kwanza.

Makosa ya huku ni mawili. Vitako vinaungua na juu vimebaki vyeupe: makaa yamepangwa kinyume. Vinafutuka halafu vinanywea na kulegea: mvuke umekosa pa kutokea. Baada ya dakika 12, vikiwa vimesimama, egesha mfuniko juu ya msumari ili ubaki mwanya mdogo. Kabla ya hapo usifunue, hata kwa kuchungulia. Na viweke 6 kwa mara moja, si 12. Vilivyobaki vingoje kwenye baridi, siyo pembeni ya jiko.

Vilikuwa vikavu, vimelegea kabla wageni hawajafika

Hotpoti ndiyo mkosaji. Ni chombo kizuri cha chapati kwa sababu kinatunza mvuke, na kwa vititia ni kibaya kwa sababu hiyohiyo. Vipoze kwenye wavu au ungo dakika 30, kisha viweke kwenye ungo huo na kuvifunika kwa kitambaa chepesi cha pamba. Siku za mvua, hewa ikiwa nzito, vinapoteza ukavu ndani ya saa 3 au 4, na vile vilivyopakwa asali hata mapema zaidi. Kwa hiyo asali ipake ukishaona wageni wanaegesha pikipiki.

Vilivyolegea hurudi. Oveni nyuzi 170, dakika 5, bila kufunika, kisha viache nje dakika 3 vikauke. Maikroweivu inavifanya vya kutafuna.

Kama shughuli ni kubwa, usioke mapema, unda mapema. Vipange vikiwa vibichi, na rojo ndani, kwenye trei ndani ya friza hadi vigande, kisha vihamishie kwenye chombo chenye mfuniko. Vinakaa wiki 3 bila kubadilika. Vinaingia ovenini vikiwa vimeganda, bila kuyeyushwa kwanza, na unaongeza dakika 3 au 4 kwenye zile za nyuzi 180. Yai lipakwe wakati huo, si kabla ya kugandisha. Barafu nyeupe ikionekana juu ya vititia, ikung'ute. Ikiachwa inayeyuka na kuacha mabaka mepesi yasiyopata rangi.